Mikono ya Ngatijan Nyuma ya Upatu

Mimi nilifundisha hesabu darasa la nne kwa miaka thelathini na minne, shule ileile, chumba kilekile, na ubao uleule mpaka ulipopasuka wenyewe. Nalisema hili mapema ili ijulikane anayesimulia ni mtu wa namna gani. Nikiulizwa kazi yangu, najibu kwa neno moja. Jirani yangu Ngatijan akiulizwa kazi yake, naye huuliza: "Kwani wewe una shida gani?"

Na ukimtajia shida yako, basi hiyo ndiyo kazi yake. Una nywele ndefu, yeye ni kinyozi. Umeteguka mguu, yeye ni mkandaji. Redio yako imeanza kukoroma, ataifungua palepale juu ya mkeka na kumtoa buibui aliyejenga ndani. Amechimba visima vitatu katika kijiji chetu cha Sumberwaru, na kimoja kina maji. Kwenye harusi, msemaji akipotelewa na sauti, Ngatijan huvaa kofia ya batiki na kusimama yeye. Nje ya nyumba yake hakuna kibao. Mkewe, Lasinah, aliwahi kuniambia walitaka kuweka, wakakosa ubao wa kutosha.

Haya yote yalinikera, na sisemi kidogo. Mtu mwenye akili kama ile na mikono kama ile angeshika jambo moja angekuwa mbali. Angekuwa kinyozi wa mjini mwenye viti vinne, au fundi mwenye duka na feni. Badala yake alikuwa kila kitu robo robo. Kila alipopita barabarani na begi lake lenye mikasi, bisibisi na mafuta ya kukandia, nilitikisa kichwa mpaka shingo ikauma, na ikishauma nilimwita aje anikande.

Jambo moja tu hakulibadilisha kwa miaka ishirini: alipiga upatu katika kikundi chetu cha gamelan, muziki wetu wa vyombo vya shaba. Mimi nami nilikuwamo, nikipiga kenong, vile vyungu vya shaba vilivyopinduliwa ambavyo hukaa karibu na upatu. Hiyo siihesabu kuwa kazi ya pili. Kenong ni heshima.

Upatu wetu ni shaba nzito, mpana kama gurudumu la mkokoteni, umetundikwa kwenye fremu ya mbao nyuma ya vyombo vyote. Una jina lake, Mzee Guntur, na kila Alhamisi alasiri huwekewa maua. Nyimbo zetu ndefu hazina haraka. Ngoma inaongoza, vyombo vidogo vinakimbia, vikubwa vinatembea, na upatu unasubiri. Unasubiri dakika mbili, tatu, wakati mwingine nne. Kisha unapigwa mara moja, taratibu, kwa nyundo iliyofungwa kitambaa, na kila mpigaji anahisi amefika nyumbani. Halafu safari inaanza upya. Usipolia mahali pake, wimbo mzima unakosa pa kukaa, na watu ishirini wanabaki kutazamana.

Sasa, mtu mwingine angezitumia dakika zile nne kusubiri. Ngatijan alinyolea watu. Kitovu cha upatu kinatazama ukutani, kwa hiyo mpigaji hukaa nyuma yake na wageni hawamwoni. Huko nyuma alitandika shuka, akaweka kigoda, na wanaume waliokuja harusini na nywele za wiki sita waliingia mmoja mmoja wakiinama, kama waendao msalani. Mimi niliyekaa hatua mbili mbele yake nilisikia mkasi. Chwi, chwi, chwi. Kisha mkasi ulinyamaza, mkono ukanyoosha nyundo, upatu ukalia pale hasa ulipotakiwa kulia, na mkasi ukaendelea. Mkuu wetu wa kijiji alinyolewa huko siku ya harusi ya mwanawe mwenyewe, akatoa hotuba na vinywele shingoni, akijikuna kila baada ya sentensi.

Katika miaka ishirini Ngatijan hakukosea upatu hata mara moja. Mimi nilikuwa nikingoja akosee. Nakiri hivyo kwa sababu nimeshastaafu.

Ngatijan ana mtoto mmoja, Wuryani, mkunga wa zahanati, msichana wa maneno machache na mkono mwepesi. Kwa miaka mitatu alikuwa akipendana na Prihanto, kijana wa ofisini, na mwaka ule wazazi wa kijana wakaja kuangalia nyumba. Walileta mkungu wa ndizi na wajik, zile keki za wali wa kunata tunazopeleka ili ndoa nayo inate. Baba wa kijana, Bwana au, kama tusemavyo, Pak Hadisumarto, alikuwa amepiga mhuri kwenye dirisha la ofisi moja kwa miaka thelathini na moja, akastaafu na saa ya ukutani na mgongo mbovu. Niliitwa niwe msemaji wa upande wa binti, maana nayajua maneno ya adabu. Nilimpenda Pak Hadisumarto mara tu nilipomwona. Nilimwona ni mwenzangu.

Tulikunywa chai, tukasifiana bustani. Halafu akauliza, kwa upole sana, swali ambalo ni la kawaida kabisa.

"Samahani, Pak Ngatijan. Kwenye karatasi za ndoa kuna mstari wa kazi ya baba wa bibi harusi. Tuandike nini pale?"

Ngatijan alifikiri kwa uaminifu wote aliojaliwa. "Inategemea, Pak," akasema. "Wataisoma siku gani?"

Hakuwa akifanya mzaha, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Mama wa kijana aliweka kikombe chini. Pak Hadisumarto alitabasamu, akasema kwamba kabla ya yote watakwenda kuhesabu siku za kuzaliwa za watoto hawa wawili, waone kama zinaelewana. Kwetu kila mtu anajua kwamba maneno hayo ni kukataa kwa adabu. Nimefundisha hesabu miaka yote ile na sijaona nyingine ambayo jibu lake hupatikana kabla haijaanzwa. Waliaga kwa kuinama sana.

Wuryani aliosha vikombe. Alivunja kimoja na hakukiangalia. Kisha akarudi sebuleni, akakaa chini mbele ya baba yake.

"Baba, mimi sikuonei haya," akasema. "Haya yananipata wakiniuliza na sina la kujibu. Nipe neno moja tu. Lolote."

Ngatijan alikuwa akitengeneza mpini wa feni ya mkono ya Lasinah, na aliuweka chini. Sikuwahi kumwona akiweka kitu chini kabla hakijaisha. Ilikuwa imebaki miezi mitatu tu kufika Besar, mwezi wetu wa harusi, na baada yake unaingia Sura, ambao hakuna mzazi mwenye akili timamu anayeoza mtoto ndani yake. Na habari zilikuwa zimeshatufikia kwamba nyumbani kwa kina Prihanto limeanza kutajwa jina la binti wa daktari wa meno.

Kesho yake Ngatijan alikuja kwangu kuomba ushauri. Nilikuwa nimeusubiri ushauri ule uombwe kwa miaka ishirini, kwa hiyo ulikuwa umeiva. Niliongea saa nzima. Nilimwambia mtu anayegawanyika hana nusu iliyo nzima, nikamwambia achague jambo moja na mengine yote ayafungie mlango. Akaniuliza achague lipi. Hapo ndipo nilipotoa habari niliyokuwa nimeihifadhi: Bu Hartinah, mama mfanyabiashara mkubwa wa batiki mjini Solo, alikuwa ameanzisha kikundi cha gamelan cha kudumu nyumbani kwake, chenye mshahara wa kila mwezi na sare mbili, na alikuwa akitafuta mpiga upatu. Sharti lake lilikuwa moja. Wapigaji wake wasifanye kazi nyingine yoyote, kwani wa mwisho alikuwa akija na mikono inayonuka samaki.

Barua niliiandika mimi mwenyewe. Tulikuwa barazani kwao, Lasinah akichambua mboga mlangoni, na nilipofika kwenye maneno "mtu wa kazi moja" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Mwalimu, na hiyo kenong yako je?"

Nilimweleza kwamba kenong ni heshima.

"Ahaa," akasema, kwa namna ambayo sikuipenda.

Ngatijan alijaribiwa kwa wimbo mmoja mfupi, akachukuliwa siku ileile. Alilitundika begi lake kwenye msumari nyuma ya mlango, akavaa sare, na kila asubuhi alipanda basi la Solo akiwa mikono mitupu. Nilimsindikiza kwa macho kwa fahari, kama mwanafunzi wangu aliyefaulu.

Kijiji hakikufaulu naye. Baada ya mwezi wanaume wa Sumberwaru walianza kufanana na watu waliopotea msituni, maana kinyozi wa kijiji cha pili ana mkono wa kukatia nyasi na hakuna aliyemrudia mara mbili. Redio zilikoroma. Watu walioteguka walichechemea na kunitazama mimi, kwa sababu habari ya barua ilikuwa imeenea. Upatu wetu alipewa mpwa wa mpiga ngoma, na hilo tusilizungumze. Shingo yangu ilikakamaa mpaka nikawa nageuka mwili mzima kumjibu mtu. Nilivumilia. Nilijiambia kwamba jambo jema lina gharama zake, na kwa nini nisiwe mimi wa kulipa.

Na kweli, ujumbe ulitoka kwa Pak Hadisumarto. Siku za kuzaliwa, zilipohesabiwa tena, zilionekana kuelewana kuliko walivyodhani. Alifurahi kusikia kwamba mwenzake ana ajira ya kudumu. Ila angependa, kabla ya kutaja tarehe, aje na familia yake Solo Jumapili moja mchana, Bu Hartinah anapoalika wageni, amsikilize mkwe mwenzake akiwa kazini. Wuryani alinisomea ujumbe ule kwenye simu yake mara mbili. Alikuwa akicheka peke yake, na nilijisikia mtu wa maana sana.

Siku hiyohiyo Ngatijan alinifuata nyuma ya nyumba nilipokuwa nikilisha kuku.

"Mwalimu, nimekosea," akasema.

Nilidhani amekosea njia. Alikuwa amekosea upatu. Alinieleza kwamba huko Solo anakaa nyuma ya upatu mzuri kuliko Mzee Guntur, mikono juu ya mapaja, hana la kufanya ila kuutazama, na kadiri anavyoutazama ndivyo asivyojua utalia lini. Kwa miaka ishirini hakuwahi kujiuliza. Wimbo ulikuwa ukimjia wenyewe alipokuwa akishughulika na kichwa cha mtu. Sasa ameachiwa wimbo mtupu, na anausikia mpaka hausikii.

Nilicheka. Tatizo dogo kama hilo, na mwalimu wa hesabu jirani. Nilimwambia ahesabu. Nilichora mistari mchangani, nikamwonyesha kwamba wimbo ule mrefu una mapigo mia moja ishirini na nane kati ya upatu na upatu, basi ahesabu moja hadi mia moja ishirini na nane na apige. Mtoto wa darasa la nne angeweza. Alishukuru, akaondoka akihesabu hatua.

Mambo yakaharibika kabisa. Alihesabu vizuri mpaka sitini na kitu, kisha ngoma ikapunguza mwendo, akaanza kujiuliza kama sitini na sita ameshaisema au anataka kuisema. Akapiga mapema. Mzunguko uliofuata, kwa hofu ya kupiga mapema, akapiga wengine wakiwa wameshapita. Siku nyingine alipiga sawasawa, akafurahi hivi kwamba akasahau kuanza kuhesabu tena. Bu Hartinah hapazi sauti. Alimwita pembeni, akamwambia kwamba kosa moja zaidi litakuwa la kuagana. Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumapili ndiyo Pak Hadisumarto anakuja.

Ngatijan hakumwambia Wuryani. Aliniambia mimi, na mimi sikulala mchana siku tatu. Mwalimu wa hesabu anajua kwamba jibu likikataa unarudi mstari wa kwanza, na mstari wa kwanza niliuandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, kwenye karatasi ya barua. Binti wa watu atakosa mume kwa sababu nilitaka kuwa sahihi. Niliona vibaya sana. Na jibu nililolipata lilinichukiza kuliko kosa lenyewe.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwao kuchukua lile begi kwenye msumari. Ngatijan alikuwa ameshatangulia. Sikuwa nimemweleza mtu nia yangu. Nilimkuta Lasinah amevaa tayari kwa safari, na begi lilikuwa mezani, limepanguswa vumbi, mikasi imetiwa mafuta.

"Nimechoka kukungoja, Mwalimu," akasema.

Kwenye ukumbi wa Bu Hartinah wageni walikaa mikekani mbele, na Pak Hadisumarto alikuwa safu ya kwanza na mkewe na kijana wao. Wuryani alikaa nyuma yao, mgongo umenyooka, vidole vikikunja na kukunjua pindo la kitambaa. Wimbo mrefu ulianza. Nilisubiri kila mtu azame, nikatoka kama mtu aliyebanwa, nikazunguka kwa ukumbi wa pembeni mpaka nyuma ya vyombo.

Ngatijan alikuwa ameukodolea macho upatu, jasho likimtiririka, midomo ikichezacheza. Arobaini na saba. Arobaini na nane. Nilikaa chini nikampa mgongo, nikasukuma begi mpaka likagusa goti lake.

"Nipunguze pembeni," nikanong'ona.

"Mwalimu, hapa kazi ni moja tu."

"Najua. Barua niliandika mimi. Nipunguze pembeni."

Nilisikia zipu. Nilisikia shuka likikung'utwa na kunizunguka shingo. Kisha, chwi. Chwi, chwi. Mkono wake ulikata vinywele vya kwanza kimoja kimoja, halafu ukakaza, halafu ukasahau. Midomo ilikuwa imenyamaza. Alifika juu ya sikio langu la kushoto, akaniinamisha kichwa kwa kidole kimoja kama alivyonifanyia maisha yote, mkasi ukasimama, na upatu ukalia.

Ulilia mahali pake. Niliusikia ukipita sakafuni na kunipanda mgongoni, na ukumbi mzima ulishusha pumzi. Machozi yalinitoka. Nilifurahi mpaka nikajionea aibu. Mzunguko wa pili ukalia sawa, na wa tatu, na upande wangu wa kushoto ulikuwa umekwisha na unapendeza, nilipoona miguu miwili yenye soksi za kijivu imesimama kando ya shuka.

Pak Hadisumarto hawezi kukaa mkekani muda mrefu. Mgongo ulikuwa umemshinda, akatoka kujinyoosha, na Wuryani kwa adabu akamfuata kumwonyesha njia. Sasa walikuwa wamesimama wote wawili. Waliona mkasi, waliona shuka, waliona nywele zangu za miezi miwili sakafuni kwenye ukumbi wa Bu Hartinah.

"Baba," Wuryani akasema, basi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Nilitamani sakafu ifunguke.

Ngatijan hakuweza kuinuka. Upatu ulikuwa unakaribia. Alikaa hivyohivyo, nyundo mkono huu, mkasi mkono huu.

"Pak Ngatijan," Pak Hadisumarto akasema polepole. "Niliambiwa una kazi moja."

"Ninayo moja, Pak," Ngatijan akajibu bila kugeuka. "Nasubiri. Ni hii mikono tu haijui kukaa bure."

Akapiga.

Upatu mzuri huchukua muda kunyamaza. Pak Hadisumarto alingoja mpaka mvumo wote uishe, kisha akapandisha kikoi chake, akashika ukuta, akajishusha sakafuni kwa kuugua kidogo. Alitazama huku na huku kuhakikisha mkewe hayupo karibu. Halafu akaanza kusema, kwa sauti ambayo nilidhani si yake, kwamba pale dirishani kati ya karatasi na karatasi palikuwa na muda, na chini ya meza alikuwa na fito za mianzi. Alisuka vizimba vya ndege. Alisuka vizimba mia moja na arobaini katika miaka thelathini na moja, na mpaka leo mkewe anaamini alivinunua.

"Na sikuwahi kukosea mhuri," akasema. "Isipokuwa mwaka ule walionihamishia dirisha la mbele, watu wakawa wananiona mikono."

Mimi mwenyewe, na hili sijawahi kumwambia mtu, nilikuwa naona mbele yangu vichwa arobaini vya darasa la nne vimeinamia hesabu, na vidole vyangu vikipiga kenong pole pole kwenye ukingo wa meza, mwaka baada ya mwaka. Nilijifanya nakohoa.

Pak Hadisumarto alijishika kisogo. "Mwalimu," akaniuliza, "wewe umeshamaliza?"

Ilikuwa wazi kwamba sijamaliza. Lakini mtu anayekuja kuwa mkwe hangojeshwi, na maneno ya adabu nayajua mimi. Nikasema nimemaliza. Nikainuka, nikampisha.

Wuryani alikuwa bado amesimama. Nilidhani atalia, na nadhani hata yeye alidhani hivyo. Badala yake alipiga magoti, akaliokota shuka, akalikung'uta nywele zangu, akamfunga nalo Pak Hadisumarto shingoni, vizuri, kwa fundo la wakunga.

"Baba, baada ya nywele umwangalie na mgongo," akasema. "Lakini upatu kwanza."

Nilirudi safu ya mbele nikiwa nusu. Bu Hartinah alinisogelea, akaniambia kwa sauti yake ya chini kwamba upatu leo umekuwa wa ajabu, hajapata kuusikia hivyo. "Unaona, Mwalimu," akasema. "Ndivyo inavyokuwa mtu akitulia na jambo moja." Nilikubaliana naye kabisa, nikiwa nimemgeuzia upande wa kushoto. Alipohamia kulia kunikaribisha keki, nami nilihama. Mama wa Prihanto aliuliza mumewe yuko wapi, nikasema anasikiliza kwa karibu zaidi.

Upande wangu wa pili ulimaliziwa Jumatano, kwa sababu jioni ya Jumatatu na Jumanne kijiji kizima kilikuwa kimepanga foleni kwa Ngatijan, na waliokuwa mbele yangu walikataa kunipisha, eti mimi nimeshanyolewa. Nilikaa foleni nimevaa kofia. Lasinah alipita na sinia la chai, akaniuliza kama kofia nayo ni heshima.

Tarehe ilipangwa ndani ya Besar. Wiki moja kabla ya harusi tulikwenda ofisi ya ndoa kujaza karatasi, Ngatijan, Pak Hadisumarto, vijana wawili, na mimi kama shahidi. Karani alikuwa mtu wa haraka. Alijaza majina, akajaza umri, akafika kwenye ule mstari mfupi, akauliza bila kuinua macho: kazi ya baba wa bibi harusi?

Ngatijan alimtazama binti yake. Wuryani naye alinitazama mimi, mwenye maneno. Mimi nilitazama dirishani. Aliyejibu alikuwa Pak Hadisumarto, mkono mmoja kiunoni, akimwelekeza karani kwa kidole kilichopiga mihuri yote ile.

"Andika mpiga upatu," akasema. "Halafu uache nafasi."